Kompyuta ya vyuma vya kuchezea

Uliyeuliza kama kweli kompyuta iliwahi kuundwa kwa vitu vya kuchezea watoto: ndiyo, tena chuoni. Mwaka 1933 Douglas Hartree, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, alikwenda MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, kuiona mashine ya mhandisi Vannevar Bush ya kutatua milinganyo ya kalkulasi, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika. Aliporudi, yeye na mwanafunzi wake Arthur Porter wakaunda ya kwao mwaka 1934, sehemu kubwa kwa vipande vya Meccano, vyuma vya watoto vya kuunganisha kwa skrubu, kwa takriban pauni 20. Kiini chake ni kigurudumu kinachobingirika juu ya sahani inayozunguka. Kikisogezwa mbali na kitovu, huzunguka haraka zaidi. Jumla ya mizunguko yake ndiyo integrali, yaani jumla ya kiasi kinachobadilika hatua kwa hatua. Kosa katika majibu yake lilikuwa kama asilimia 2. Kwa vyuma vya dukani, si haba!