Jibu: Kupata mahali nodi ilipo kwenye msimbo wa Python

Mkuu, umeuliza kwa nini kikaguzi chako cha msimbo kinataja mstari sahihi lakini nafasi ndani ya mstari inaruka mbele. Tatizo liko kwenye `col_offset`, yaani nafasi ndani ya mstari: moduli ya `ast`, inayogeuza msimbo kuwa mti wa vipande viitwavyo nodi, inahesabu baiti za UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi maandishi ambamo herufi moja inaweza kuchukua baiti zaidi ya moja), haihesabu herufi. Tena `lineno`, namba ya mstari, inaanza na 1, ila `col_offset` inaanza na 0.

Chukua mstari huu:

`salamu = "سلام"; idadi = 5`

Kwa macho, ukihesabu herufi kuanzia 0, `idadi` inaanza nafasi ya 17. `ast` itakupa 21, kwa sababu kila herufi ya Kiarabu hapo ni baiti mbili. Geuza hivi:

`len(mstari.encode()[:nodi.col_offset].decode())`

Ukitaka kipande chenyewe cha msimbo, usijisumbue kukata mwenyewe. Tangu Python 3.8 kuna `ast.get_source_segment(msimbo, nodi)`, ambayo inashughulikia suala la baiti. Toleo hilohilo ndilo lililoleta `end_lineno` na `end_col_offset`, zinazoonyesha nodi inapoishia.

Angalia pia kwamba si kila nodi ina mahali. `Module` (faili zima) na `arguments` (orodha ya vigezo vya fankisheni) hazina, kwa hiyo ukipita mti mzima kwa `ast.walk` tumia `getattr(nodi, "lineno", None)`, la sivyo programu itaanguka katikati. Na kwenye fankisheni yenye dekoreta (mstari wa `@` juu ya `def`), `lineno` inaonyesha mstari wa `def`. Ukitaka kuanzia juu kabisa, soma `decorator_list[0].lineno`.

Nodi ulizotengeneza mwenyewe zipe mahali kwa `ast.copy_location`, inayonakili mahali pa nodi nyingine. Mimi naipendelea kuliko `fix_missing_locations`, kwani hii ya pili inarithisha tu mahali pa nodi mzazi, na mtumiaji wako anastahili kuonyeshwa kosa pale lilipo hasa.