Majibu ya kinyama hayaji, nami silali

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 41, nauza vitenge Singida. Nilikuta uvimbe kwenye titi la kushoto, wakanichukua kinyama cha kupima hospitali. Majibu ya kwanza yanasema ni saratani, lakini daktari anasubiri majibu ya homoni kutoka maabara kubwa ndipo apange dawa. Niliambiwa wiki mbili, sasa mwezi umepita, kila nikienda naambiwa, “Bado, rudi wiki ijayo.” Usiku najishika naona kama uvimbe unakua. Baba watoto kaniletea mitishamba ninywe nikisubiri. Mama mkwe hajui lolote. Nifanyeje?
Mama Wawili, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimekuwa muuguzi wodi ya upasuaji mpaka nikastaafu, na hiyo “rudi wiki ijayo” naijua. Mara nyingi anayeisema hajapiga simu popote. Katazama rundo la majibu mezani, jina lako halimo, basi.

Kwa hiyo usiende tena kuuliza kama majibu yametoka. Uliza hivi: kinyama changu kiliondoka hapa tarehe gani, kimepelekwa maabara ipi, na namba yake ni ipi? Kila kinyama kikipokelewa maabara hupewa namba, na kwa kawaida utaikuta kwenye karatasi ya majibu ya kwanza. Iandike, na karatasi nzima uipige picha. Kwa jina tu mtu wa maabara atahangaika, maana akina Mariamu na Neema ni wengi. Nimeona kwa macho yangu chupa za vinyama zenye jina juu ya kifuniko tu. Zikifunguliwa mbili tatu kwa pamoja, utajuaje kipi cha nani? Jina hubandikwa ubavuni mwa chupa.

Jambo jingine ambalo wagonjwa hawaambiwi: kinyama hakiishi kwa kipimo kimoja. Hugandishwa ndani ya kipande cha nta na kutunzwa. Kama maabara ile imeishiwa dawa za kupimia, daktari anaweza kuomba kipande hicho kipelekwe kwingine, bila wewe kuchomwa tena. Lakini kama kilicheleweshwa kutiwa kwenye fomalini, ile dawa ya kukihifadhi kisioze, au fomalini ilikuwa kiduchu, kipimo cha homoni kinaweza kugoma na ukatakiwa utoe kingine. Bora ulijue sasa.

Majibu hayo ya homoni yana kazi. Ndiyo yanayoonyesha kama vidonge vya tamoksifeni, vinavyozuia homoni isiilishe saratani, vitakufaa. Ila muda huu usipite bure. Muulize daktari kama unaweza kufanya sasa ultrasaundi ya tumbo, eksirei ya kifua, vipimo vya damu na eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Eko kwa sababu ile dripu nyekundu inayotumika sana kwa saratani ya titi inaweza kuudhuru moyo, hivyo hupimwa kwanza. Wengi husubiri majibu, kisha ndipo wanaanza foleni ya eko. Huo ni mwezi mwingine.

Kuhusu kukua: uvimbe huo haukuanza jana, na kujishika kila usiku hakukupi jibu, kunakunyima usingizi tu. Cha kuogopa ni wiki kugeuka miezi. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wa saratani ya titi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Siku hizo zikikaribia kuisha, chukua karatasi zako umwone mganga mfawidhi. Nenda na mtu, wewe uongee yeye aandike. Na kama pesa ni tatizo, pita ustawi wa jamii pale pale hospitali kabla matibabu hayajaanza, ukiwa na barua ya mtendaji wa mtaa wako.

Mitishamba usinywe. Baba watoto hana nia mbaya, anataka awe na la kufanya. Lakini baadhi ya dawa hizo huumiza ini, na ini ndilo litakalobeba dripu. Kama umeshaonja, mwambie daktari, hata akinuna. Mpe mumeo kazi nyingine: yeye ndiye awe anapiga simu maabara na ile namba.

Na mama mkwe aambiwe na mwanawe, siku utakayokuwa tayari wewe. Ukianza dripu nywele zinaweza kutoka na utahitaji mtu wa kukupikia, kwa hiyo msimwache ajue kwa majirani.