Mbunge hanunuliwi siku moja

SWALI: Mhariri, kila ikitoka kashfa ya mbunge kutumiwa na serikali ya nje watu wanaongelea pesa tu. Hivi wanaanzaje lakini, wanampigia simu na kumwambia njoo uchukue hela?

JIBU: Wakipiga simu hivyo watakatiwa ndugu yangu. Wanaanzia mbali, tena na kitu ambacho hata sio kosa. Chukua Azerbaijan na Bunge la Baraza la Ulaya kule Strasbourg (Baraza hilo ni jumuiya ya nchi za Ulaya inayosimamia haki za binadamu, na bunge lake sio lile la Umoja wa Ulaya, watu wengi wanachanganya). Wajumbe walikuwa wanapelekewa makopo ya kaviari, yale mayai ya samaki ya bei mbaya, wanaalikwa Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, wanakirimiwa kama wafalme kisha wanarudi kwao, sasa nani atakubali kuambiwa kopo la mayai ya samaki ni mlungula? Basi Januari 2013 ikaletwa ripoti ya wafungwa wa kisiasa wa Azerbaijan, ikapigiwa kura na ikaangushwa, 125 kwa 79. Baadaye ndio tukasikia kuna mjumbe wa Italia, Luca Volontè, alishavuta zaidi ya yuro milioni 2 kutoka Azerbaijan, na mwaka 2021 mahakama moja ya Milan ikamtia hatiani.

Halafu hawamfuati mbunge peke yake, wanamfuata na msaidizi wake, maana yeye ndio anamwandikia maswali na kumpangia nani aingie ofisini. Mimi huyu ndio namuogopa zaidi, hakuna anayemjua. Marekani ipo sheria ya 1961 inayoruhusu serikali za nje kuwalipia wafanyakazi wa Bunge safari kwa jina la kubadilishana utamaduni, halali kabisa! Wabunge wastaafu nao wanaajiriwa kuzisemea serikali hizo za nje, ila huko sheria ya 1938 inawataka wajiandikishe Wizara ya Sheria.

Hata Bob Menendez, seneta wa Marekani aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje na akaja kutumiwa na Misri, hakufuatwa na balozi. Njia ya kwenda kwa Wamisri ilipitia kwa mfanyabiashara aliyekuwa rafiki wa mpenzi wake, yule aliyekuja kuwa mkewe, wakawa wanakula pamoja wanazoeana. Wapelelezi wa FBI walipoingia nyumbani kwake wakakuta vipande vya dhahabu na zaidi ya dola 480,000, nyingine zimeshindiliwa kwenye mabuti na nyingine mfukoni mwa koti lililodariziwa jina lake mwenyewe. Alipigwa miaka 11 jela.