Kabla Hujanunua Enduro ya Mashindano: Ipime Kwenye Milima Yetu

Ukishazoea kupanda na kushuka njia za Isyonje, Matamba na Chunya kwa pikipiki ya kawaida, ipo siku utatamani enduro halisi, yaani pikipiki ya mashindano ya njia za porini: KTM 350 EXC-F, Husqvarna TE 300, Yamaha WR250F na wenzao. Nakuelewa kabisa, ni mashine nzuri mno. Ila wengi ninaowaona wakizikagua swali lao la kwanza ni nguvu, na nguvu hazijawahi kuwa tatizo la pikipiki hizi. Mimi naanza na mambo mawili: itanivumilia nikishachoka? Na nitaweza kuihudumia mwenyewe nikiwa hapa Mbeya?

Mchezo wa enduro wenyewe umejengwa juu ya maswali hayo. Mashindano ya Siku Sita, yaliyoanza mwaka 1913 huko Carlisle, Uingereza, yalikusudiwa kupima uimara wa pikipiki na wa anayeiendesha. Mpaka leo mshindani hubadilisha tairi kwa mikono yake ndani ya dakika alizopangiwa, kisha pikipiki inafungiwa usiku kucha bila kuguswa. Kwa hiyo ukisikia pikipiki iko tayari kwa mashindano, ujue imetengenezwa ifunguliwe mara kwa mara. Asiyependa kushika spana asiinunue.

Sasa hewa ya huku kwetu. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na kwa kimo hicho injini hupoteza karibu robo ya nguvu ilizokuwa nazo usawa wa bahari. Ukiteremka hadi Matema, Ziwa Nyasa liko kwenye kimo kisichofika mita 500. Kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika Kitulo inameza mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo: injini inakuwa nzito, plagi inaloa, na ukivuta resi ghafla inakwama kidogo kabla ya kuitika. Mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta unarekebisha mchanganyiko wenyewe, ingawa nguvu iliyopotea hairudi. KTM waliuingiza kwenye EXC za mapigo mawili (two-stroke) kuanzia modeli za 2018. Kama safari zako ni kati ya Kyela na Kitulo, faida hiyo utaiona siku hiyohiyo. Mwenye kabureta naye asikate tamaa, ila atembee na jeti za ziada (vile vitundu vya kabureta vinavyopima mafuta) na ajue kuzibadilisha porini.

Wakisikia habari ya robo hiyo, wengi hukimbilia injini za cc 450 au 500. Siwashauri. Njia zetu ngumu ni za mwendo wa taratibu: udongo mwekundu ulioloa, mizizi, makorongo ya Rungwe ambako mvua haikati kwa miezi. Huko injini kubwa inazungusha tairi bure na kuchosha mikono. Mapigo mawili ya 300 au mapigo manne ya 350 yanatosha, na baada ya saa kadhaa za matope bado una nguvu ya kuinyanyua ikilala. Kati ya hizo mbili, tofauti utaionja kwenye mteremko. Ya mapigo manne injini inakusaidia kushika mwendo ukifunga resi, wakati ya mapigo mawili inakuachia breki zifanye karibu kazi yote.

Pa kuijaribia ni Hamsini na Saba, ile barabara ya kona kali kutoka Chimala kwenda Matamba. Usikimbie. Panda kwa gia ya chini, simama kwenye kona, ondoka tena, ukishika klachi kwa kidole kimoja. Injini ikishachemka, sikiliza vidoleni: klachi bado inashika palepale iliposhika ulipoanza, au sehemu ya kushikia imehama? Feni ya radieta, kama ipo, inawaka yenyewe? Kuna maji yanayomwagika? Kona hizo za taratibu zitakueleza mengi kuliko mwendo kasi wa lami ya Uyole. Na ukifika juu, tafadhali baki barabarani. Maua ya Kitulo hayahitaji tairi zetu.

Springi nazo zina neno. EXC hutoka kiwandani zikiwa na springi za mtu wa kilo 75 hadi 85, na wengi wetu ni wepesi zaidi. Pikipiki inabaki juu, na kiti kilicho karibu sentimita 96 kutoka chini kinazidi kuwa kirefu. Chukua futi, pikipiki ikiwa juu ya stendi na tairi la nyuma linaning'inia, upime kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi. Kisha panda ukiwa na buti na helmeti, mwenzako apime tena. Tofauti ikiwa milimita 100 hadi 110, uko vizuri. Ikipungua sana hata baada ya kulegeza springi, hesabu gharama ya springi mpya kwenye bei.

Kwa iliyotumika, acha kuuliza kilomita, uliza saa ambazo injini imefanya kazi. KTM 350 hubadilishwa oili kila baada ya saa 15 hivi, na hubeba lita moja na ushee tu, kwa hiyo aliyechelewesha ameila injini. Fungua eya klina, futa ndani ya bomba la hewa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi la Chunya, injini imekwisha kulivuta. Nyanyua tairi la nyuma kwa mkono juu chini: ukisikia mchezo, beringi zimekufa. Na ukifika, uikute injini ya baridi. Muuzaji aliyeiwasha kabla hujafika amekuficha jambo, hasa kwa mapigo manne, maana kuwaka kwa shida huwa dalili ya valvu zilizobana.

Spea usizitafute sokoni Mwanjelwa, hapa mjini Mbeya. Mafundi wa pale ni hodari na Boxer wanaifungua macho yamefumbwa, lakini pistoni na sahani za klachi za enduro zitaagizwa mbali. Nunua pamoja na pikipiki vile vinavyoisha haraka: eya klina mbili, seti ya klachi, pedi za breki, cheni na sproketi zake.

Mwisho, namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu ilingane na ya kwenye kadi. Ikiwa imekunwa, rudisha funguo uondoke.