Usiulize jina la babu lina maana gani, uliza nani alianza kumwita hivyo

Wengi wanaotafuta asili ya majina ya utani ya wazee wao huanzia kwenye tafsiri. Wanamtafuta anayejua Kisukuma, wanapewa maana, wanaiandika kwenye daftari na kuona kazi imekwisha. Maana hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado isikuambie lolote kuhusu babu yako. Mashimba ni simba, sawa. Lakini aliua simba, alizaliwa mwaka simba walipovamia mazizi, au amerithi tu jina la mzee wa zamani?

Tenga kwanza jina la kuzaliwa na jina la utani, maana Kanda ya Ziwa mambo haya yanachanganywa sana. Mabula na Kabula ni watoto wa mvua. Kulwa ni pacha aliyetangulia kutoka, Doto akafuata, na Shija ndiye anayezaliwa baada ya mapacha. Kashinje alitanguliza miguu. Kwa Wajaluo wa Rorya, mapacha ni Opiyo na Odongo, na anayewafuata ni Okello. Hakuna utani hapo, ila kuna hazina: ukimkuta Shija kwenye ukoo na mapacha hawamo kwenye orodha yako, basi ama amerithi jina, ama orodha ina pengo. Mara nyingi mapacha walifariki wachanga, na hawakutajwa kwa sababu hakuna aliyewaulizia. Ulizia kwa upole, ukiwa peke yako na bibi, si mbele ya kikao cha ukoo.

Lipo pia jina la kulilia. Mtoto analia usiku na kukataa kunyonya, wazee wanataja majina ya waliotangulia, na jina analonyamazia ndilo lake. Mtoto wa namna hiyo hata mama yake anaweza kumwita Guku, yaani babu. Miaka sitini baadaye wajukuu wanadhani aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa na busara ya kizee tangu utotoni. Hapo tafuta somo wake, yaani mzee aliyemrithi jina, usitafute kituko.

Ukibaki na utani wenyewe, upime kwa tarehe za vitu. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na wakajaa upande wetu miaka ya 1980. Mzee anayedaiwa kuitwa Sangara tangu utotoni mwaka 1935 hakuitwa hivyo wakati huo. Labda alilipata ukubwani, kwenye uvuvi. Furu au Kamongo lingewezekana, samaki hao ni wa enzi na enzi. Mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, ni la juzi zaidi, limekuja na viwanda vya minofu. Keya, kutoka KAR (King's African Rifles), humpeleka mzee kwenye jeshi la Mwingereza, na mara nyingi wenye jina hilo walirudi kutoka vita iliyoisha 1945.

Ngoma nayo ilimeza majina mengi. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa Bagika au Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana Usukumani, aliweza kujulikana wilaya nzima kwa jina la uwanjani, huku la kuzaliwa likibaki kwa mama yake. Hata padri David Clement, aliyeanzisha makumbusho ya Bujora pale Kisesa, Wasukuma walimwita Fumbuka, na jina likamganda.

Angalia na maandishi. Kisukuma hakina r, kwa hiyo Malia anayetafutiwa maana ya kikabila huenda ni Maria wa ubatizo. Ng'wana, yaani mtoto wa fulani, huandikwa Mwana au Ngwana kwenye vitabu vya parokia na risiti za kodi, hivyo tafuta kwa tahajia zote tatu.

Sasa kuuliza. Usiseme, "Eti babu aliitwa hivi kwa sababu alipenda ugali?" Mzee atakuitikia kwa adabu tu, na tayari umetengeneza uongo. Sema: "Shikamoo bibi. Nani alianza kumwita hivyo? Mlikuwa mnaishi wapi? Yeye mwenyewe aliitika au alikasirika?" Waulize watu watatu, kila mmoja peke yake: mdogo wake, rafiki aliyechunga naye ng'ombe, na shemeji au mtani, maana mtani husema ambayo ndugu huficha. Wakwe usiwalazimishe, wapo wasiotamka jina la baba mkwe hata leo, lakini watakuonyesha wa kumuuliza. Rekodi sauti kwenye simu, kwa sababu masikio ya mjini huipoteza ng'w. Saa moja inatosha, kisha rudi siku nyingine. Simulizi mbili zikilingana bila wenyewe kukutana, andika. Zikipishana, andika zote mbili na majina ya waliosema.

Majina mengine yalitokana na kilema, njaa au aibu. Yaweke kwenye daftari, lakini usiyarushe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla ya kuwauliza watoto wa mzee huyo.

Na kama jina la utani liliingia kwenye hati ya kiwanja au kitabu cha benki, shughulikieni mapema. Mzee akiwa hai, aape kwa wakili kwamba majina yote mawili ni yake. Akishafariki, mzigo huo huwaangukia warithi kwenye mirathi, na wanaojua kwamba Keya na Mabula ni mtu mmoja huwa wamebaki wawili au watatu.