Maswali na Majibu: Baba yake babu alikuwa askari wa nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni ukoo wa Kimwera, kwetu Nyangao. Wazee husema baba yake babu "alikwenda vita vya Mjerumani". Alibeba mzinga kutoka Sudi, na baadaye alikuwepo Mahiwa walipopigana na Wahausa. Sasa kuna bwana anapita kaya kwa kaya. Anasema Ujerumani imefungua malipo kwa makabila yaliyokuwa upande wake, Wamwera tumo, na kila ukoo utoe laki moja na nusu atutafutie namba ya jeshi ya marehemu. Mzee wetu alikuwa askari wa nani, na nitathibitishaje? – Msomaji, Nyangao

JIBU: Marahaba. Hiyo laki na nusu mkanunulie salfa ya mikorosho. Huyo bwana ni kishoka, na maneno yake nimeyasikia Masasi, Newala hadi Mikindani. Jina la kabila tu ndilo hubadilika: akifika kwa Wamakonde ni Wamakonde waliokuwa upande wa Mjerumani, akivuka kwa Wayao ni Wayao.

Nianze na hilo la kabila kuwa na upande, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote, na wanaolirudia si vishoka peke yao. Hata watu waliosoma hulisema.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Aliomba msamaha kwa ajili ya Majimaji, yaani vita vya 1905 hadi 1907. Vita vya mzee wako ni vingine, vya 1914 hadi 1918. Kishoka huvichanganya kwa makusudi, kwa sababu vya kwanza vina msamaha na vya pili vina askari waliolipwa. Akiviunganisha anapata biashara. Lakini tazama alivyojifunga mwenyewe. Mwaka 1905 Wamwera wengi walikuwa kwenye Majimaji dhidi ya Mjerumani, na misheni ya Wabenedikto ya hapo hapo kwenu Nyangao ilichomwa moto. Serikali ikajibu kwa kuteketeza vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Miaka tisa baadaye serikali hiyo hiyo iwahesabu Wamwera kuwa marafiki zake wa vita? Kwa lipi?

Mjerumani hakutafuta urafiki wa kabila zima. Askari wake wa kwanza, mwaka 1889, aliwachukua miongoni mwa Wasudani waliokuwa Misri, pamoja na Washangaan kutoka Msumbiji. Baadaye waliojaa kikosini walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Mtu aliyepelekwa mbali na kwao hana shangazi wa kumwonea haya anapochoma ghala la mtu. Askari alikuwa na mshahara wa rupia kila mwezi na cheo kinachojulikana: ombasha, shaush, bet-shaush, sol. Kwa ujumla jeshi lile, hata lilipofikia ukubwa wake wa juu, halikupita sana askari 12,000 kwa koloni zima.

Waliolibeba jeshi hilo ni wapagazi, na hapo ndipo namwona mzee wako. Amri ilishuka kwa akida, yaani ofisa wa serikali ya Mjerumani, akida akamwambia jumbe, mkuu wa kijiji: lete watu kadhaa siku fulani. Jumbe asipowaleta, kiboko kilimhusu yeye. Hapakuwa na mkataba na Wamwera wala baraza la wazee lililokubali vita. Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie ilipenya kizuizi cha manowari za Waingereza ikatia nanga ghuba ya Sudi, ikiwa na mizinga, risasi, nguo na dawa. Shehena hiyo iliondoka pwani kwa mabega ya watu. Kwa hiyo simulizi ya ukoo wenu ina mashiko makubwa. Aliyebeba mzinga kutoka Sudi mwaka huo alikuwa mpagazi wa Mjerumani, na kwa uzoefu wangu hakuwa askari.

Ila usikimbilie kuandika "upande wa Mjerumani" kwenye kitabu cha ukoo. Septemba 1916, miezi sita tu baada ya Marie, Waingereza waliingia Mikindani na Lindi, nao walihitaji mabega yale yale. Mtu aliyembebea Mjerumani mwezi Machi aliweza kabisa kumbebea Mwingereza mwaka uliofuata kwenye barabara ya Lindi kwenda Mtama, bila kuulizwa anampenda nani. Huku kwetu nimekutana na koo zinazogombana juu ya marehemu mmoja, nusu wakisema wa Mjerumani, nusu wa Mwingereza, na wote wakawa sahihi.

Hata waliovaa sare walihama. Mateka waliokuwa askari wa Mjerumani wapo waliochukuliwa na Waingereza wakaingizwa katika kikosi cha sita cha King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, KAR tunayoijua kwa wazee.

Na hao Wahausa? Swali zuri. Waingereza walianza na Wahindi, wakaleta Waafrika Kusini weupe kwa maelfu, malaria na kuhara vikawalaza. Kufikia mwanzo wa 1917 wengi walikuwa wamerudishwa kwao. London ikaamua kazi ya kusini ifanywe na watu weusi, kwa hoja kwamba wanahimili hali ya hewa. Ndipo ilipoletwa Brigedi ya Nigeria na KAR ikapanuliwa. Watu wa huku waliwaita Wanaijeria wote Wahausa, ingawa walikuwamo wa makabila mengine ya Nigeria. Katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 15 hadi 18, 1917, upande wa Mwingereza walikuwapo hao pamoja na KAR na Wahindi. Kwa hesabu inayotumika sana, kati ya watu wapatao 4,900, wapatao 2,700 waliuawa au kujeruhiwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, alipoteza mia tano na ushei, akaitwa mshindi, lakini hakuwa na watu wa kuziba pengo lao, na kabla ya Novemba kwisha alikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Wapagazi hawamo katika hesabu hizo.

Ng'ambo hiyo, Msumbiji ya Mreno, hapakuwa na nafuu. Mreno, aliyekuwa mshirika wa Mwingereza, aliwahi kuvuka mto na kuichukua Newala mwaka 1916 akafukuzwa baada ya wiki chache. Mwaka 1917 alipoishika nyanda ya juu ya Wamakonde kule Mueda, alitumia wapiganaji wa Kimakua. Kishoka akisikia hivyo atawatoza Wamakua ada ya kuwa washirika.

Sasa uthibitisho. "Namba ya jeshi" ya mpagazi wa Mjerumani haitafutwi kwa sababu hapana mahali pa kuitafutia. Nyaraka nyingi za jeshi la Ujerumani ziliungua Potsdam kwa mabomu, Aprili 1945. Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari wa zamani mishahara iliyobaki, iliwalipa askari wenyewe waliokuwa hai, wala haikulipa makabila wala wajukuu. Husimuliwa kwamba wengi walikuja bila cheti, mlipaji akampa kila mmoja fagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, mwili ulikumbuka. Kisa hicho kiwe kweli kwa kila nukta au kimetiwa chumvi, mpagazi asingefaulu mtihani huo, na hakualikwa.

Kwa upande wa Mwingereza kuna njia moja ya kweli. Kama ukooni kuna medali ya fedha yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili, na miaka 1914–1918, itazame ukingoni. Askari aliyeandikishwa aliandikwa hapo namba, cheo na jina. Msiisugue kwa mchanga. Pigeni picha ukingo, kwa kuwa kumbukumbu za medali zimehifadhiwa Uingereza na hutafutwa kwa maandishi hayo. Majina ya wapagazi wengi hayapatikani. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikiwa wenye makabati ya nyaraka hawana jina, la kishoka limetoka wapi?

Baada ya fidia huja wachimbaji. Huyo huyo atarudi na mwenzake mwenye mashine ya kutafutia madini, aseme ramani inaonyesha dhahabu ya Mjerumani Mahiwa, au zebaki nyekundu. Sarafu za dhahabu za rupia 15 zilitengenezwa kweli Tabora mwaka 1916, zipatazo 16,000 tu, na Tabora haiko Mahiwa. Wanachofukua ni mahandaki na makaburi ya watu waliozikwa bila alama, wakiwamo pengine wa kwenu. Hupati sarafu, unaharibu mahali pekee palipobaki na ushahidi.

Wewe nenda misheni, Nyangao na Ndanda, uombe kwa adabu vitabu vya ubatizo na ndoa vya baada ya vita. Utapata angalau majina na vijiji. Kisha waulize wazee mambo matatu: marehemu aliondoka peke yake au na wenzake wa kijiji, alirudi na nini, na jumbe wa wakati ule alikuwa nani. Wakisema waliondoka kundi zima siku moja, yaelekea huyo alikuwa mpagazi. Na kama kuna chuma chochote cha mzinga kimewekwa uani au kinatumika kama jiwe la jikoni, kiache kilipo, watoto wasikisogelee, uite polisi.