Gesi imevuja jikoni, imefikaje chumbani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi mtungi wangu wa kilo 6 ulivuja pale kwenye regyuleta, baada ya muda harufu ikawa nyumba nzima mpaka chumba cha mwisho, na madirisha nilikuwa nimefunga yote. Maji yakimwagika yanabaki dimbwi palepale, sasa gesi nani anaisukuma mpaka ijae kila kona?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na tushukuru Mungu hapakuwa na moto karibu. Hakuna anayeisukuma, molekuli za gesi (yaani chembe zake ndogo kabisa) ziko mbioni zenyewe muda wote, za propani (gesi ya mtungini ni propani na butani) kwa joto la chumbani zinakwenda karibu mita 400 kwa sekunde, na zimeachana sana kiasi kwamba hazishikani. Za maji nazo zinacheza ila zinavutana, ndo maana unaona dimbwi. Ya gesi ikishatoka inanyoosha tu mpaka igonge kitu, iwe ukuta au molekuli ya hewa, inageuka inaendelea, na kwa vile hakuna kinachoirudisha ilikotoka basi mwisho wa siku kona zote zinafikiwa.

Mbona sasa harufu ilichelewa? Kwa sababu kila molekuli inagongana na wenzake mabilioni ya mara kwa sekunde moja, ni kama kukimbia Kariakoo mkesha wa sikukuu, spidi unayo ila mbele huendi. Hapo hewa ya ndani ndo inasaidia kuibeba, maana haitulii hata ukifunga madirisha, mtu akipita tu au mlango ukifunguliwa inasogea.

Halafu hiyo ya mtungini imebanwa mpaka imekuwa kimiminika, lita moja ikitoka inakuwa zaidi ya lita 200 za gesi, kwa hiyo usiseme imevuja kidogo. Na ni nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani mara mbili, so kabla haijachanganyika vizuri inatambaa sakafuni, unaweza usiisikie puani kumbe miguuni imejaa! Ukisikia harufu (inatiwa makusudi kiwandani, gesi yenyewe hainuki) funga mtungi, fungua milango na madirisha, swichi usiguse kabisa, si kuwasha si kuzima. Harufu ikishaisha, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira wote halafu fungulia mtungi, panapotoa mapovu ndo panapovuja, funga tena na usipikie mpaka ubadilishe hicho kifaa.